Kundi linakwenda mbio mlimani, nami nimo ndani ya gari lao

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, naishi Kiboriloni na kazi yangu ni ya kukaa mezani na mahesabu hapa Moshi mjini. Nimezaliwa na kukulia chini ya Mlima Kilimanjaro na sijawahi kuukanyaga. Wageni wanatoka mbali wanaupanda, mimi nauangalia nikianika nguo. Mwaka jana nikasema basi. Nikaacha daladala, nikaanza kwenda kazini kwa miguu. Ni kama kilomita 4, natumia dakika 50, na nilipozoea nikajiona nimekuwa mtu wa mazoezi.

Mwenzangu wa ofisini akaniingiza kwenye kundi lao la kupanda milima. Wanatoka Jumamosi moja ndiyo, moja hapana: Materuni, Marangu, Upareni, na kuna wakati wanaenda mpaka Meru. Wenye magari wanawabeba wasio na magari, tunachangia mafuta. Waliniambia tangu mwanzo kwamba mwendo wao ni wa haraka na hawasubiri mtu. Niliona sawa, maana si natembea kila siku?

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Uru. Tuliacha magari kwenye uwanja wa kanisa, tukazunguka kwa kuvuka mabonde mawili na kurudi kwa njia nyingine. Nusu saa ya kwanza nilikuwa nao bega kwa bega. Tulipovuka mto wa kwanza na kuanza kupanda upande wa pili, pumzi ikakata. Niliinua macho nikaona begi jekundu la mtu wa mwisho likipotea kwenye migomba. Niliita, hakuna aliyegeuka. Nilipofika juu nikakuta njia zimegawanyika tatu, kila moja ina ua wa masale na mfereji wa maji pembeni, zote zinafanana. Simu haikuwa na mtandao. Nilichagua moja, ikaniishia zizini kwa watu.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja aliyekuwa amejitwisha mzigo wa majani ya ng'ombe. Hakuniuliza mengi. Aliutua mzigo chini ya mgomba, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga, akanishika mkono akasema, "Njoo mwanangu." Alitembea nami karibu dakika 40 mpaka barabarani, halafu akarudi kuufuata mzigo wake.

Kwenye gari nilifika nimechelewa saa 1 na dakika 20. Watu wanne walikuwa wananisubiri, kimya. Mwenye gari alikuwa na kikao cha harusi saa 10. Aliniambia neno moja tu, "Dada, kundi hili si la kila mtu," akawasha gari. Alishuka ile barabara kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Kwenye kona moja tulimkosakosa mtu wa bodaboda aliyepakia mikungu ya ndizi. Nilifumba macho, sikusema kitu, kwa sababu mchelewaji nilikuwa mimi. Tulipofika mjini akatutoza 10,000 kila mmoja, abiria wanne. Waliopanda gari lingine walitoa 3,000. Nikalipa nikashuka.

Sasa, Jumamosi ya wiki tatu zijazo wanakwenda Marangu, kupanda hadi kibanda cha Mandara na kreta ya Maundi. Shangazi, naitamani safari hiyo mpaka naiota. Mume wangu anasema niachane nao, Mlima haujahama. Mwenzangu anasema nikaze tu. Niende? Na hili la gari na mafuta nalisemaje bila kuonekana mlalamishi?

Mama Wawili, Kiboriloni

* * *

Marahaba, mwanangu.

Umeandika kana kwamba shida yako ni miguu. Mimi nimeisoma barua mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye kona, penye bodaboda na ndizi zake. Nitaanzia hapo, miguu itafuata.

Ulinyamaza kwa kuwa ulijihesabu mkosaji, na hilo limeniuma kuliko yote uliyoandika. Kuchelewa kwako hakukumpa yule kaka ruhusa ya kuwachezea roho watu watano ndani ya gari na mmoja njiani. Barabara za Uru unazijua: nyembamba, kona hazikuonyeshi kinachokuja, kando kuna watoto na kina mama wenye mizigo kichwani. Siku nyingine sema mapema, kabla woga haujakukaba koo, na useme kwa sauti ya kawaida: "Kaka, naomba tupunguze mwendo, nina watoto nyumbani." Mara nyingi utakuta kila aliyemo alikuwa anasubiri mmoja aanze. Asiposikia, omba ushushwe, na ushuke kweli. Kwa hiyo weka nauli ndani ya begi, mfuko wake wa peke yake, noti ndogondogo, ambayo huigusi kwa soda wala maandazi. Uru kuna bodaboda na daladala. Marangu Mtoni kuna magari ya Moshi. Mwenye nauli yake anaweza kusema "nishushe." Asiye nayo hufumba macho, kama ulivyofanya.

Hata hivyo nikuonyeshe na upande wa pili, maana nimewahi kuukalia. Miaka ya nyuma nilikuwa na gari, nikawa nachukua wenzangu wanne tukienda kutembea Upareni. Siku moja mmoja wetu hakurudi kwa wakati. Nilikaa kwenye usukani saa 2 nzima nikiangalia jua linashuka. Huku kwetu jua likizama, saa 12 na nusu, kabla au baada kidogo, giza halichelewi. Alipotokea nilimfokea mpaka akalia. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitamwambia nini mama yake. Nakusimulia haya kwa sababu ule ukimya wa watu wanne uliousikia kama dharau, huenda nusu yake ilikuwa hofu. Ukipanda gari la mtu, unakuwa umefunga saa zako na zake, na za kila aliyekaa humo. Anayetembea taratibu na kurudi kwa daladala anajichelewesha mwenyewe. Anayetembea taratibu na kurudi kwa gari la pamoja anaingia mpaka kwenye kikao cha harusi cha mtu. Ndiyo maana kwangu swali lako la kwanza si kama miguu yako inaweza, bali unarudi nyumbani na nani, saa ngapi, na mwendo wenu ukitofautiana itakuwaje.

Tuje kwenye miguu. Kilomita 4 kwa dakika 50 si mwendo mbaya hata kidogo, unakaribia kilomita 5 kwa saa. Kosa lako, na ni la wengi, ni kuchukua hesabu ya lami ukaipeleka mlimani. Mwaka 1892 mpanda milima mmoja wa Uskoti, William Naismith, aliweka kanuni ambayo wapandaji wanaitumia hadi leo. Ukiigeuza kwa vipimo vyetu, hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa 1 nyingine kwa kila mita 600 unazopanda kwenda juu. Kushuka hakukurudishii zile dakika. Sasa iweke Mandara ndani ya kanuni hiyo. Kutoka geti la Marangu ni kama kilomita 8, hiyo ni saa 1 na dakika 36. Kibanda kipo mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, na kutoka getini unapanda takriban mita 850, hiyo ni kama saa 1 na dakika 25 juu yake. Jumla saa 3. Na Naismith aliwahesabia watu wenye mazoezi, bila kupumzika, bila tope la msitu wa Marangu, na kwenye milima isiyofika nusu ya kimo cha huu wetu. Mtu anayeanza akitumia saa 4 hajafanya vibaya. Kundi linalokwenda mbio litataka kufika kwa saa 2 na kitu. Hapo kati yako na wao kuna kama saa 1 na nusu, karibu sawa na ile uliyochelewa Uru! Haikuwa bahati mbaya wala uzembe wako. Ilikuwa hesabu, na hakuna aliyekusaidia kuipiga mapema.

Hiyo "kaza tu" ya mwenzako usiifuate. Wiki tatu zinatosha kukufundisha mwendo wako, hazitoshi kuubadilisha. Kuubadilisha kunataka miezi miwili mitatu ya kupanda, na neno ni kupanda. Msitu wa Rau ni mzuri kwa kivuli na ndege lakini ni tambarare, utakupa urefu tu. Chukua daladala hadi Rau, kisha panda na barabara ya kwenda Uru kwa miguu, mara mbili kwa wiki. Weka kwenye simu programu inayoonyesha mwinuko. Tembea kilomita 4, uangalie umepanda mita ngapi na umetumia muda gani. Kwa mfano, zikiwa mita 300, Naismith anakupa dakika 78. Ukitumia 100, andika 100, usijidanganye. Na ujipime kwa mdomo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuikata katikati, huo ndio mwendo utakaokufikisha. Ukianza kusema maneno mawili mawili, punguza. Waulize wagumu, wale wanaobeba mizigo ya wageni mpaka juu. Wageni wenye vifua vya kukimbia marathoni wanaambiwa "pole pole" tangu getini, na anayeambiwa hivyo hachekwi.

Kuhusu kundi lenyewe, nitasema mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kundi la haraka lina haki ya kwenda haraka. Wamechagua hivyo, walikuambia hivyo, na si haki mtu aingie halafu awaombe wawe kundi lingine. Hilo ukubali bila kinyongo. Lakini kutembea haraka ni jambo moja, na kumwacha mtu peke yake kwenye njia panda ni jambo jingine kabisa. Kundi lolote linalojua kazi yake lina mtu mmoja anayetembea nyuma ya wote na hampiti yeyote, na pale njia inapogawanyika wa mbele wanasimama mpaka wa mwisho aonekane. Haiwachukui muda mwingi. Ule ukelele wako bondeni ungejibiwa. Kwa hiyo yule kaka alipokuambia kundi si la kila mtu, alisema nusu. Nusu ya pili ni kwamba kundi lilimchukua mgeni likampoteza, na bibi mwenye majani ndiye aliyefanya kazi yao. Mimi nisingenyamaza juu ya hilo, na nisingelisema kwa mafumbo.

Je, uende Mandara? Nasema nenda, lakini usiende kwa mwendo wao wala kwa gari la yule kaka. Na nitakuambia kwa nini Marangu ni bora kwako kuliko Uru. Uru mlizunguka. Ukishaachwa kwenye mzunguko huna pa kurudi, lazima uumalize. Njia ya Mandara unapanda nayo na kushuka nayo. Unaweza kuweka saa ya kugeuka, ukageuka popote ulipo, na walio mbele watakukuta njiani wakishuka. Mkianza kutembea saa 2 na nusu asubuhi, weka saa ya kugeuka iwe saa 6 na nusu mchana. Hapo una saa 4 za kupanda, na saa 9 na nusu hivi uko getini, jua bado lipo. Ikifika saa 6 na nusu hujaona kibanda, geuka hata kama umeambiwa zimebaki dakika 10. Maundi iache kwa safari hii, ni nyongeza kwa wenye muda. Na kwa kuwa utapita mita 2,500, ambako hewa nyembamba huanza kuwasumbua baadhi ya watu, kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, dawa ni kuteremka, usibishane nacho.

Kuna jambo moja litakalokupa nguvu. Ndani ya hifadhi hampandi wenyewe, lazima muwe na mwongozaji mwenye leseni. Mwongozaji mmoja hawezi kuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwandikie mratibu wa kundi sasa hivi, usisubiri wiki ya mwisho, na usiandike kwa kuomba radhi mistari mitano. Andika hivi: "Habari za jioni kaka. Ni mimi niliyepotea Uru. Nimepima mwendo wangu, nahitaji saa 4 hadi Mandara. Naomba tujue kama kuna wengine wa mwendo huo, tuchangie mwongozaji wa pili na tuwe na gari letu. Tukiwa hatupo watatu, nitapisha safari hii." Nakuhakikishia hutakosa mtu wa kukufuata pembeni akikuambia "hata mimi." Katika kila kundi la mbio kuna wawili watatu wanaoumia kimya kimya kwa kuona aibu. Mkipatikana, mna safari. Msipopatikana, na mratibu akakujibu kwa mkato, umejua kwa gharama ya ujumbe mmoja kwamba hapo si pako, na mumeo ana haki: Mlima haujahama. Mtafute mwingine mwenye mwendo wako, hata wawili, mpange wenyewe. Usisahau kitambulisho chako cha taifa, Mtanzania ana kiwango chake cha kulipa getini. Beba koti la mvua hata anga ikiwa safi mjini, na tochi, na filimbi. Filimbi ni bei ya soda, na bondeni inasikika pale sauti yako isipofika.

Sasa mafuta. Hapa watu wanaona aibu kupiga hesabu kisha wananuniana mwaka mzima, nami naona heri aibu ya dakika mbili. Bei ya juu ya mafuta, EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, si siri ya mtu. Tuchukue lita kuwa 3,000 kwa hesabu nyepesi. Moshi hadi geti la Marangu kupitia Himo ni kama kilomita 45, kwenda na kurudi 90. Gari la kawaida, ukizingatia mpando, lipe lita 10, hiyo ni 30,000. Mkiwa watano pamoja na dereva, ni 6,000 kwa kichwa. Mimi binafsi huwa nasema dereva asichangie, abiria wanne watoe 7,500, kwa sababu matairi ni yake, sevisi ni yake, na tope la viatu vyetu analiosha yeye. Lakini Uru? Kwenda na kurudi ni kama kilomita 30. Hata ukilihesabia gari lita 4 kwa ajili ya mlima, ni 12,000. Ninyi mlitoa 40,000. Hapo mchango umevuka mpaka ukawa nauli, na anayechukua nauli anafanya biashara ya abiria, ambayo ina leseni yake ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Sikuambii ukamshtaki. Nakuambia ujue kwamba hukuwa na deni la shukrani kwake kama ulivyodhani, na kwamba ulilipa vizuri kuliko ulivyoendeshwa.

Usimsute mbele ya watu. Muulize mratibu swali ambalo halina jina la mtu: mchango wa Marangu ni shilingi ngapi kwa kila gari, dereva anahesabiwa au hahesabiwi, na gari linawashwa saa ngapi kurudi. Yakiandikwa hayo matatu kabla ya Jumamosi, magari yote yatalingana, na anayejua ana kikao saa 10 atasema mapema asibebe watu. Ukiulizwa kwa nini unauliza, jibu ni kwamba unapanga bajeti yako, nalo ni kweli.

Kuhusu yule kaka, mkikutana msalimie. Wewe ulimchelewesha, na hilo unaweza kulisema: "Kaka, siku ile niliwasumbua, pole." Halafu malizia: "Ila ile kona ilinitisha sana." Kisha nyamaza umwachie yeye. Gari lake usipande tena mpaka usikie atakachojibu.

Na yule bibi. Hukuuliza, lakini umemwandika kwa namna inayonionyesha hajakutoka. Barabara ya Uru ndiyo nimekupa kwa mazoezi, na ukifika kwenye uwanja wa kanisa watu watakuelekeza, maana bibi anayeacha mzigo wake kumsindikiza mgeni hawezi kuwa hajulikani kijijini kwake. Nenda asubuhi, kabla hajatoka kukata majani. Mpelekee kilo mbili za sukari na majani ya chai, na usiende na haraka siku hiyo.

Shangazi